Ubao wa nyongeza kwa M5Stack: waya nne zinatosha, au tutumie pini zote 30?

#1 Kibaigwa_Saketi

Heshima kwenu wakuu.

Nabuni ubao wa nyongeza wa kupima unyevu wa mahindi, unaofanya kazi na M5Stack Core, kile kifaa cha mraba cha mkononi chenye ESP32 (chipu ya kompyuta yenye WiFi), skrini ya inchi 2 na vitufe vitatu. Hapa sokoni bei bado inapangwa kwa meno: mnunuzi anachoma gunia kwa bambo, anauma punje mbili tatu, anasikiliza mlio, anataja bei. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nani anaweza kutofautisha asilimia 13 na 15 kwa jino? Anayeumia ni mkulima, kwa sababu punje ikibishaniwa, neno la mwisho ni la mwenye pesa.

Msimamo wangu, nipingeni kwa hoja: kwa kazi kama hii tundu la waya nne (5V, GND yaani waya wa kurudishia umeme, na SDA na SCL za mawasiliano ya I2C) linatosha kabisa. Huhitaji kuhangaika na basi, yaani kiunganishi cha pini 30 cha chini ya kifaa. Waya nne ni ubao mdogo, bei ndogo, na kesho ukibadilisha kifaa unachomeka kwingine.

Ubao wangu una chipu ya FDC1004 ya kusoma ukapasita (uwezo wa kushika chaji, unaobadilika kwa unyevu) wa bamba mbili za shaba zinazozunguka chemba ya punje, SHT31 ya jotoridi na unyevu wa hewa, na kishusha volti cha 3.3V kwa kuwa tundu linatoa 5V. Ni hivyo tu.

Tatizo langu ni moja. Kifaa kikiwa mezani kwenye chaja, namba imetulia. Nikikishika mkononi kikiwa kwenye betri namba inapanda, na WiFi ikianza kurusha data inarukaruka. Mahindi ni yaleyale, chemba ni ileile. Mnaona nini?

#2 PiniThelathini

Salama bosi. Niko Nairobi, nimebuni moduli kadhaa za hilo basi la pini 30, kwa hiyo napinga moja kwa moja.

Kifaa cha mkononi kinaanguka, kinawekwa mfukoni, kinapewa mtoto. Kebo ya waya nne ikining'inia pembeni itakwanyuka kabla ya msimu wa mavuno kuisha. Moduli ya kupachika chini ina upana uleule wa milimita 54 kwa 54, inakazwa kwa skrubu, hakuna kinachoning'inia. Halafu kwenye basi unapata 3.3V, 5V, pini ya betri, SPI na UART mbili (njia nyingine za data), DAC ya kutoa volti, na pini tatu za HPWR kama unataka kuingiza umeme mkubwa wa nje. Kwa waya nne umejifungia I2C peke yake.

Kuhusu namba kuruka, mimi naanza na umeme. Tundu la pembeni linakupa 5V kupitia waya mwembamba, na GND yako inarudi kwa waya huohuo mwembamba.

#3 Mpitanjia_Moro

Nafuatilia uzi.

#4 RisasiNaMoshi

Mkuu, hii ni rahisi. ESP32 ina ADC mbili, yaani vigeuza volti kuwa namba. ADC2 haifanyi kazi WiFi ikiwa imewashwa, imeandikwa wazi kwenye karatasi ya data. Hamisha sensa kwenye pini ya ADC1, kazi imeisha.

#5 MamaSaketi

RisasiNaMoshi, rudia kusoma posti ya kwanza polepole. Hatumii ADC ya ESP32 hata kidogo. FDC1004 inapima ukapasita yenyewe na inatuma namba kwa I2C.

Ulichosema kuhusu ADC2 ni kweli, na kitamsaidia mwingine anayebuni kwa basi la pini 30: pini za 2, 12, 13, 15, 25 na 26 zote ni za ADC2. Za ADC1 zinazofika kwenye basi ni 34, 35 na 36 tu, kwa sababu 32 na 33 zimeliwa na skrini. Na hizo tatu ni za kuingiza tu, hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu. Tena 36 ina tabia yake pamoja na 39: saketi ya ADC ya ndani ikiamka, pini hizo zinavutwa chini kwa takriban nanosekunde 80. Espressif, watengenezaji wa ESP32, wenyewe wameandika hilo kwenye orodha ya dosari za chipu. Ukiweka katizo (ishara ya kuishtua programu pini ikibadilika) pale, utashangaa nani anabofya.

Turudi kwa mwenye uzi. Mimi nadhani ni mkono wako. FDC1004 inapima kati ya bamba na GND yake. GND ya kifaa cha betri inaelea hewani. Ukikishika, mwili wako unaungana na GND kwa ukapasita, na mwili huohuo uko karibu na bamba. Umejiongeza kwenye kipimo. Mezani kwenye chaja, GND imepata njia nyingine ya kwenda ardhini, ndiyo maana imetulia.

#6 VoltiTano

Dada MamaSaketi, maelezo mazuri, ila chaja ya simu haina waya wa ardhi. Pini mbili ukutani, basi.

#7 MamaSaketi

Haina waya, ila ina kapasita ya Y kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa 5V. Ni ndogo, lakini tunaongelea kipimo cha pikofaradi 15 kwenda juu na chini. Chochote kinaonekana pale.

#8 VoltiTano

Sawa, nimekupata. Lakini bado hujaeleza kwa nini WiFi inaleta kuruka. Mkono hauwaki na kuzima kwa mpigo wa WiFi.

ESP32 ikirusha kwa nguvu kubwa inakula hadi miliamperi 240. Betri ya ndani ya Core ni ya mAh 110, ndogo kuliko ya simu ya vitufe. Volti ya betri inazama, kipandisha volti kinahangaika, 5V inatetemeka, na kishusha volti chako kidogo kinapitisha huo mtetemo. Kwenye chaja hakuna kuzama. Hiyo inaeleza dalili zote mbili kwa sababu moja: kwenye betri mbaya, kwenye chaja nzuri. Mkono ni bahati tu, kwamba ukikiondoa mezani unakichomoa pia.

Na kwa wote wanaobuni kwa kifaa hiki, kuna jambo lingine la chipu ya IP5306 inayosimamia betri. Mzigo ukiwa chini ya miliamperi 45 kwa sekunde 32, inazima kipandisha volti. Imetengenezwa hivyo, asili yake ni chipu ya pawabenki. Ubao wako ukiwa mzuri sana wa kubana umeme na ESP32 ikalala, kifaa kizima kinazimika. Toleo lenye I2C linakubali kuambiwa libaki limewaka, anwani yake ni 0x75. Wengi wanadhani wamechoma kitu.

#9 Kibaigwa_Saketi

Asanteni sana. MamaSaketi na VoltiTano mmenipa pa kuanzia. Kishusha volti ni kile cha kawaida cha pini tatu, nimeweka kapasita za mikrofaradi 10 pande zote mbili. Bamba hazina kinga yoyote kwa sasa.

Kipimo kipi kitatenganisha mkono na umeme?

#10 MamaSaketi

Pawabenki. Chomeka kifaa kwenye pawabenki, weka juu ya ubao mkavu, usikiguse. Umeme wa kutosha upo, njia ya ardhini haipo. Namba ikitulia, VoltiTano ana haki. Ikiyumba, mimi.

#11 FundiwaTanga

Wakuu nimekuja kwa jambo la viunganishi. PiniThelathini amesifu basi la pini 30, lakini hakugusa hewa ya chumvi. Mimi niko pwani, natengeneza vipima joto vya masanduku ya barafu ya samaki. Pini thelathini ni sehemu thelathini za kushika kutu.

Ukinunua vichwa vya pini vya bei ya chini vimepakwa bati. Ukivipachika kwenye soketi iliyopakwa dhahabu, au kinyume chake, hizo metali mbili zikikutana na unyevu na kusuguana kidogo kila kifaa kinapotikiswa, sehemu ya kugusana inajenga tabaka la oksidi. Kinachotokea ni I2C kukatika ghafla na kurudi ukigonga kifaa. Dhahabu kwa dhahabu, bati kwa bati. Ubao wenyewe naupaka vanishi ya saketi baada ya kulehemu, nikifunika viunganishi kwa tepu kwanza. SHT31 usiipake kamwe, ina tundu dogo la kupumulia.

#12 PiniThelathini

FundiwaTanga, kutu ikila waya moja kati ya nne kifaa chako kimekufa vilevile. Kwenye basi GND ziko tatu.

#13 FundiwaTanga

GND tatu, SDA moja. Tutazungumza ukija Tanga kula samaki.

#14 KijanaWaMbeya255

Habari zenu. Mimi nataka kuongeza SIM800L, moduli ya laini ya simu, kwenye ubao kama huu ili namba ziende kwa SMS, maana vijijini WiFi hakuna. Nimesoma kwamba inavuta umeme mwingi mara moja moja, nikaweka kapasita ya mikrofaradi 100. Itatosha?

#15 VoltiTano

Haitatosha, na twende kwa hesabu ili usiniamini kwa mdomo.

SIM800L inapenda volti 3.4 hadi 4.4. Ikirusha inavuta hadi amperi 2, kwa mikrosekunde 577, kila milisekunde 4.6. Tuseme chanzo chako kinaweza kutoa amperi 1, basi amperi 1 iliyobaki inatoka kwenye kapasita. Mkondo mara muda gawanya kwa ukapasita: 1 × 577 ÷ 100 ni karibu volti 5.8 za kuzama. Huna hata volti 5.8 za kupoteza, moduli itazima kabla ya mpigo kwisha. Ukitaka kuzama kusizidi volti 0.3 unahitaji karibu mikrofaradi 1,900, tuseme 2,200, na iwe yenye ukinzani mdogo wa ndani, karibu kabisa na pini ya moduli.

Tena usiitoe 5V moja kwa moja kwenda SIM800L. Imezidi.

#16 KijanaWaMbeya255

Ahsante kaka. Na kapasita hiyo kubwa haitaleta shida wakati wa kuwasha?

#17 VoltiTano

Itavuta mkondo mkubwa wakati inajaa. Weka swichi ya transista ya P inayofunguka taratibu, ESP32 ikishaamka ndipo uiwashe. Pia usipachike moduli kifaa kikiwa kimewaka, pini za data zinaweza kugusa kabla ya GND.

#18 Muscat_Fundi

Nawasalimu kutoka Muscat. Naongezea kwa KijanaWaMbeya: ubao wenye redio ya kuuza una habari nyingine ya vibali. Nyumbani Tanzania ni mamlaka ya mawasiliano TCRA, Kenya ni CA, wanataka kifaa cha redio kiidhinishwe. Kwa majaribio yako binafsi ni sawa kutumia moduli iliyokwisha thibitishwa, lakini ukianza kuuza ulizia mapema. Huku joto nalo ni mtihani. Kifaa kikiachwa ndani ya gari, betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45. Ubao wangu wa nyongeza una rezista ya joto iliyobandikwa juu ya betri kwa ajili hiyo tu.

#19 Kitambulisho_0x50

Nina pendekezo kwa Kibaigwa_Saketi. Ubao wa nyongeza ujitambulishe wenyewe. Raspberry Pi walifanya hivyo mwaka 2014 walipotoa utaratibu wa HAT: kila ubao una chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye pini 27 na 28, kompyuta ikiwaka inasoma ni ubao gani uliopachikwa. Weka 24C02 ya bei ya karanga, andika ndani toleo la ubao na namba za usahihisho wa bamba zako. Kila chemba itatofautiana kidogo na nyingine, kwa hiyo usahihisho ukae kwenye ubao, usikae kwenye programu. Ukibadilisha kifaa, ubao unabeba namba zake.

#20 MamaSaketi

Hoja nzuri kuliko zote mpaka sasa. Ila jina lako lenyewe limebeba mtego: 24C02 pini zote za anwani zikiwa chini inakaa 0x50, na FDC1004 inakaa 0x50 na haibadilishiki. Vuta A0 juu, kumbukumbu ihamie 0x51.

Na tukiwa kwenye anwani: SHT31 ni 0x44 au 0x45. Saa ya DS3231 ni 0x68 isiyobadilika, na zile Core zenye sensa ya mwendo ndani nazo zina 0x68. Hivyo ubao wa saa uliofanya kazi vizuri kwenye Core Basic isiyo na sensa hiyo unaweza kugoma kwenye Core Gray yenye nayo. Ukikimbilia kigawanyi TCA9548A, kinaanzia 0x70 hadi 0x77, basi usikiweke 0x75 alipo IP5306.

#21 Kitambulisho_0x50

Nimekubali. 0x51.

#22 RisasiNaMoshi

Nimesoma polepole safari hii. Naleta nadharia nyingine: rezista za kuvuta juu za I2C. Kila moduli ya dukani inakuja na zake za kilo-ohm 4.7. Ukiunganisha tano sambamba unapata ohm 940. Kwa 3.3V, chipu ya kawaida inatakiwa kuvuta waya hadi volti 0.4 kwa miliamperi 3, yaani rezista isipungue ohm 967 hivi. Umeshavuka. Data inaharibika, namba zinaruka.

#23 PiniThelathini

Hesabu ni sahihi. Lakini yeye ana chipu mbili, au tatu na kumbukumbu. Na I2C ikiharibika unapata namba za ajabu kabisa au kimya, si kupanda taratibu ukishika kifaa.

Kwa kebo ndefu tatizo ni kinyume: ukapasita wa waya. Pikofaradi 200 kwa kilo-ohm 4.7 inapanda kwa takriban nanosekunde 800. Kwa kHz 100 ni ruksa, kikomo ni 1,000. Kwa kHz 400 kikomo ni 300, huwezi. Kibaigwa_Saketi, unatumia kasi gani?

#24 Kibaigwa_Saketi

kHz 100, kebo ni kama shibiri moja.

Majibu ya pawabenki: kuruka kwa WiFi kumepungua sana, lakini hakujaisha. Namba ya msingi iko tofauti na ya chaja, na nikisogeza mkono karibu na chemba inapanda. Nikikigusa kifaa upande wa skrini inapanda pia.

#25 VoltiTano

Kumepungua sana! Ni umeme.

#26 MamaSaketi

Inapanda kwa mkono! Ni GND.

#27 Mpitanjia_Moro

Naona mmeshinda wote wawili, mwenye mahindi ndiye bado.

#28 Antena_Kisumu

Jamani mnasahau redio. Waya wa bamba ni antena. WiFi ni GHz 2.4, inaingia kwenye mlango wa FDC1004, vilinzi vya ndani vya chipu vinaigeuza kuwa volti ya moja kwa moja, kipimo kinasogea. Pawabenki imepunguza kwa sababu kifaa kililala mezani na antena ikaelekea kwingine. Weka rezista ya ohm 100 mfululizo karibu kabisa na mlango wa chipu. Kipimo chenyewe kinafanyika kwa kHz 25, hakitaumia.

Na kwa wanaobuni moduli za kupachika chini: angalia shaba yako iko wapi. Espressif wanataka nafasi ya milimita 15 isiyo na shaba kuzunguka antena ya moduli yao. Ukimwaga GND ubao mzima bila kufikiri, unaiziba.

Jaribu kupunguza nguvu ya kurusha kwenye programu. Kuruka kukipungua, ni redio.

#29 VoltiTano

Hapana, jaribio hilo halitenganishi kitu. Ukipunguza nguvu ya kurusha umepunguza redio na umepunguza mkondo pia. Zima WiFi kabisa, halafu iga mzigo: rezista ya ohm 22 kati ya 5V na GND kupitia transista, iwake na kuzima kama WiFi. Hiyo ni miliamperi 227 bila redio yoyote.

#30 PiniThelathini

Miliamperi 240 ni upande wa 3.3V. Kama ndani kuna kishusha volti cha swichi, upande wa 5V ni kama 175. Tumia ohm 27, ya wati 2 maana itapata moto wa karibu wati 1.

#31 VoltiTano

Sahihi. Ohm 27.

#32 Mwalimu_Iringa

Samahani kwa kuingilia na swali la darasani. Kwenye klabu yetu tuna micro:bit, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja ambayo Uingereza iligawa kama milioni moja kwa wanafunzi mwaka 2016. Yenyewe haina pini za kusimama, ina ukingo wenye vipande 25 vya shaba, vitano vikubwa. Wanafunzi wanataka kubuni ubao wa nyongeza. Nimewaambia waanze na vile vitano vikubwa. Nimekosea?

#33 Kitambulisho_0x50

Hujakosea mwalimu, ni njia nzuri, vinabana hata kwa klipu. Wakifika kwenye vidogo waambie pini nyingi zina kazi mbili: P5 na P11 ni vitufe A na B, na P3, P4, P6, P7, P10 zinaendesha taa za mbele. Skrini ya taa izimwe kwenye programu kabla ya kuzitumia. I2C iko P19 na P20.

Wafundishe pia historia ya ubao wa Arduino. Pengo kati ya pini 7 na 8 ni inchi 0.16 badala ya 0.2 lilivyotakiwa, na kwa kuwa watu walishabuni nyongeza nyingi, halikurekebishwa hadi leo. Kiunganishi ukishakitoa kwa watu, si chako tena. Ndiyo maana napenda msimamo wa #1 kuliko wa #2: waya nne ni vigumu kuzikosea.

#34 PiniThelathini

Lakini ni kweli pia kwa basi la pini 30: nafasi ya kila pini imebaki palepale miaka yote, moduli ya zamani inaingia.

#35 MamaSaketi

Inaingia, ila haifanyi kazi bila kubadili programu, na wakati mwingine bila kubadili waya. Kwenye Core2, toleo la baadaye la kifaa hiki, nafasi ya MISO (waya wa data wa SPI) iliyokuwa pini ya GPIO19 sasa ni 38. UART ya pili iliyokuwa 16 na 17 sasa ni 13 na 14. Tundu la pembeni nalo limehama kutoka 21 na 22 kwenda 32 na 33, kwa hiyo hata waya nne hazijapona, ila kule ni mstari mmoja wa programu.

Nashauri hivi kwa anayetumia basi: kila ishara ipitie rezista ya sifuri ohm yenye nafasi mbili za kulehemu. Ikibidi kuhamisha, unahamisha rezista, hutupi ubao. Na epuka GPIO12 kwa chochote kinachovutwa juu wakati wa kuwasha. Kwenye ESP32 ya kwanza pini hiyo ndiyo inayoamua volti ya kumbukumbu, ikikutwa juu kifaa kinaweza kukataa kuamka.

#36 AfisaUgani_Kiteto

Nimewasoma wote kwa makini, na nina la kusema kama mtu wa mahindi, si wa saketi.

Mnapigania kuruka kwa namba, lakini hata ikitulia kama jiwe, kipimo cha ukapasita kinabadilika kwa jotoridi la punje, kwa mbegu, na kwa jinsi punje zilivyoshindiliwa kwenye chemba. Mahindi yaliyotoka juani saa nane mchana na yaleyale asubuhi yatakupa namba mbili. SHT31 yako inapima hewa, haipimi punje. Weka kipima joto kinachogusa nafaka. Na pima uzito wa sampuli au tumia chemba inayojazwa kwa funeli kutoka kimo kilekile, la sivyo mkono wa anayejaza ndio utakaoamua.

Usahihisho ufanyike kwa oveni: unasaga, unapima, unakausha, unapima tena. Bila hapo hakuna asilimia, kuna namba tu. Nasisitiza kwa sababu hii si kazi ya mchezo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, kule Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa kwetu, Dodoma na Manyara. Kifaa kikimwambia mkulima 13 wakati ni 16, ataweka ghalani kwa imani.

#37 Kibaigwa_Saketi

AfisaUgani, asante sana. Naongeza kipima joto ndani ya chemba na funeli. Hili la funeli halikuwemo kabisa kwenye mchoro.

Majibu mengine. Nimezungushia bamba kinga ya shaba na kuiunga kwenye pini ya kinga (SHLD) ya FDC1004, siyo GND. Mkono umepungua sana athari upande wa chemba. Upande wa skrini bado unaonekana kidogo. Rezista ya ohm 27 na WiFi ikiwa imezimwa: namba inaruka, ila ni kama nusu ya inavyoruka kwa WiFi yenyewe.

#38 VoltiTano

Nusu ya umeme ni umeme. Weka kishusha volti chenye kelele ndogo na utenganishe 5V kwa kichujio.

#39 Antena_Kisumu

Na nusu nyingine imetoka wapi kama si redio? Ohm 100 umeweka?

#40 MamaSaketi

Au mzigo wa rezista ni wa taratibu kuliko mpigo halisi wa WiFi, basi unaonyesha nusu tu ya kuzama. Au mkondo wa rezista unarudi kwa GND ya kebo yenu ileile ya waya nne na kuinua GND ya ubao wa bamba. Rezista uliiweka upande gani wa kebo?

#41 Kibaigwa_Saketi

Upande wa ubao wa nyongeza, mwisho wa kebo.

#42 PiniThelathini

Haya! Basi umepima kebo, hukupima betri. WiFi hairudishi mkondo wake kwenye kebo yako. Hamishia rezista ndani, kwenye 5V ya basi la chini, urudie. Na ukishafungua sehemu ya chini uone zile GND tatu zilivyokaa.

#43 FundiwaTanga

Anamvuta kwenye pini 30 taratibu.

#44 Kibaigwa_Saketi

Nahamisha rezista leo jioni, na ohm 100 nalehemu kwa pamoja.

#45 Antena_Kisumu

Usiweke zote mbili kwa pamoja mkuu. Moja kwanza, upime, halafu nyingine. Anza na ohm 100.

#46 VoltiTano

Anza na rezista ya 27.